Tuko wangapi leo? Shajara ya kikundi cha baleti

Msimu wa 1, wiki ya 1

Majina 14 daftarini. Mdogo kabisa ana miaka 8. Mkubwa ana 51 na anasema amemsindikiza mwanawe tu, ila viatu vyake vya mazoezi vinang'aa kama vimetoka dukani jana. Mimi nimekabidhiwa daftari kwa sababu goti langu la kushoto halikunji vizuri, na kwa sababu niliuliza nani ataandika mahudhurio. Kwenye vikundi vya kujitolea vyeo hupatikana hivyo: aliyeuliza ndiye.

Ukumbi ni mpana, dari liko juu, mwanga upo. Tatizo liko chini. Mwalimu alivua viatu, akaruka mara moja katikati ya ukumbi, akatua, akanyamaza kidogo. "Saruji," akasema. "Hapa haturuki."

Nilidhani anadeka. Akanieleza kwamba mchezaji anapotua, mguu hupokea mzigo wa mara kadhaa ya uzito wake. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa hubonyea kidogo na kumeza sehemu ya kishindo. Saruji haimezi kitu. Kishindo chote humrudia mtu kwenye muundi, goti na kiuno. Mtu mzima akiumia atalalamika. Mtoto atanyamaza mpaka siku utakapomwona anachechemea.

Kwa hiyo hakuna kuruka. Tumegeuza viti 14 migongo, tukavishika kama bari, ule mti wa kushikilia wakati wa mazoezi, tukafanya nusu ya darasa.

Wiki ya 3

Watu wazima wanaandika majina ya hatua kwenye viganja vyao: plie, tendu, rond de jambe. Mmoja ameuliza kwa nini kila kitu ni Kifaransa. Ni kwa sababu Mfalme Louis wa 14, aliyependa kucheza yeye mwenyewe, alianzisha chuo cha dansi Paris mwaka 1661, na walimu wa huko ndio waliopanga hatua na kuzipa majina. Watoto hawajauliza. Wao wanasema "plie" kama wanavyosema "kaa chini".

Waliofika: 12, kisha 9.

Wiki ya 5

Sakafu imekamilika, au tuseme theluthi mbili yake. Tulianza na vipande vya sponji ngumu vilivyogandishwa chini ya vibao vyembamba, tukafuatiza tabaka mbili za plaiwudi, na maungio ya tabaka la juu hayakai juu ya maungio ya tabaka la chini. Kila skrubu tumeizamisha na kuipitisha kidole, maana skrubu iliyochomoza nusu milimita itapasua unyayo. Juu kabisa ni lino, tandiko la sakafu linalokuja limeviringishwa. Tuliikunjua tukaiacha ilale siku nzima ndipo tukaibandika utepe kwenye maungio. Ukiwa na haraka, kesho yake itakuwa imeota mawimbi.

Ubao wa sita kutoka mlangoni unalia. Tumeukaza mara mbili na bado unalia.

Leo wameruka. Nilisimama pembeni na daftari langu nikisikiliza: kishindo kimekuwa kizito na cha chini, kama mtu anayepiga godoro.

Wiki ya 9

Kikao cha kuchagua onyesho la kwanza kimechukua saa mbili na nusu, na saa mbili kati ya hizo zimeliwa na Swan Lake, ile dansi ya mabata maji yenye muziki wa Tchaikovsky. Kila mtu anaitaka. Nikafungua daftari nikasoma mahudhurio ya vipindi vinne vilivyopita: 11, 7, 13, 6. Kampuni kubwa za dansi huweka mabata maji 24 kwenye ile sehemu ya ziwani, wote wakienda kama mwili mmoja. Sisi tungekuwa na mabata maji sita, na mmoja wao ana ndevu.

Mama mmoja akasema hata Swan Lake yenyewe haikuanza vizuri. Ilipooneshwa Moscow mwaka 1877 haikupokewa kwa shangwe, na inayochezwa leo imetokana zaidi na toleo la St Petersburg la 1895, Tchaikovsky akiwa ameshafariki. Ni kweli kabisa. Ila wale wachezaji walikuwa nao.

Hapo ndipo Mwalimu akasimulia habari ya Balanchine, mtunzi wa dansi. Mwaka 1934 alikuwa mgeni Marekani, ana shule mpya New York na wanafunzi ambao hawakuwa wamezoea jukwaa. Akaanza kuwatungia dansi juu ya muziki wa nyuzi wa Tchaikovsky. Jioni ya kwanza walikuja wasichana 17, akawapanga 17. Jioni nyingine walikuja 9, akatunga sehemu ya watu 9. Kisha 6, akatunga ya 6. Mmoja alichelewa, akamwingiza humo humo kwenye dansi, akichelewa. Mwingine alianguka akalia, na hilo nalo akaliacha. Dansi hiyo ni Serenade, na mpaka leo kampuni kubwa za dunia zinaicheza.

Kuna aliyedakia hapo hapo: basi tucheze Serenade! Hapana. Dansi ile ina wenyewe, na haichezwi bila kibali chao. Tulichoazima ni ile njia ya kufanya kazi tu, nayo haihitaji kibali. Tangu leo kila kikao kitafunguliwa kwa daftari la mahudhurio. Sijifichi, nimefurahi.

Wiki ya 13

Dansi yetu ina dakika 12, juu ya muziki wa piano wa Chopin: nokturne moja, yaani kipande cha taratibu cha usiku, na waltz mbili. Imekatwa vipande vitano, na kila kipande kinastahimili upungufu wa watu wawili bila kubomoka. Kipande cha tatu kinaanza na watu watatu tu, wengine wanaingia mmoja mmoja, kwa sababu Alhamisi huwa wanaingia mmoja mmoja kweli.

Suala la muziki limetufundisha jambo. Chopin alifariki 1849, nota zake hazina tena mwenyewe. Lakini rekodi ya mpiga piano wa juzi ni mali ya aliyeirekodi, na kuipiga mbele ya watu kunahitaji ruhusa. Tulikuwa karibu tuweke rekodi tu. Tukampata mpiga piano wa kujitolea, na uzuri wake mwingine umejitokeza mazoezini: mchezaji akichelewa kugeuka, piano inamsubiri. Mwalimu hapendi. Anasema watazoea kusubiriwa.

Onyesho la kwanza

Viti 63 vilikaliwa. Nilivihesabu mwenyewe kupitia upenyo wa pazia.

Utepe wa kiatu cha binti mmoja ulifunguka kipande cha pili na kumfuata nyuma kama mkia. Aliendelea kucheza huku akiutazama kwa jicho la pembeni, mpaka akauvuta kwa mguu mwingine katikati ya hatua na kuutupa nje ya mwanga. Watu wakapiga makofi. Yeye alipotoka alilia dakika kumi.

Taa zote zilikuwa mbele, juu. Kwenye picha tunaonekana kama karatasi zilizokatwa. Msimu ujao lazima hili lirekebishwe.

Msimu wa 2, wiki ya 2

Majina 29. Ndugu, majirani, na watu wawili waliokaa kwenye viti vile 63. Tumegawa madarasa: wadogo, wakubwa, na wanaoanza wakiwa na umri wa kujua kwamba wataumwa kesho.

Wiki ya 4

Vita vya viatu vya ncha. Mabinti saba wamemfuata Mwalimu pamoja wakitaka kuanza kusimama juu ya vidole. Mdogo wao ana miaka 9.

Niandike hapa aliyowajibu, maana nitaulizwa tena na wazazi. Hakuna anayeanza kabla ya miaka 11 au 12 hivi, na umri peke yake haumpi mtu viatu. Awe amefanya darasa miaka kadhaa bila kukatiza. Asimame mguu mmoja, apande juu ya vidole vya mbele mara nyingi mfululizo bila kifundo kuyumba. Kiuno kisibonyee. Mifupa ya mguu wa mtoto bado inakua, na kiatu hakimwongezei mtu nguvu asiyokuwa nayo.

Wengi wanadhani ndani kuna mbao au chuma. Hakuna. Ile pua ngumu ni matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyoshikanishwa kwa gundi, na chini ya unyayo kuna kipande kigumu kinachoshikilia upinde. Jasho na joto vinalainisha gundi, kiatu kinakufa. Mchezaji Marie Taglioni alipowashangaza watu wa Paris mwaka 1832 kwenye dansi ya La Sylphide, hata pua hiyo hakuwa nayo. Alisimama kwenye kiatu laini kilichoshonwashonwa kwa uzi kwenye ncha. Mwalimu amewaambia wale saba kwamba Taglioni alisimama kwa miguu yake.

Wawili wamepita. Jioni nzima nimekaa nao tukishona: riboni pande mbili, lastiki nyuma ya kisigino, uzi usipite kwenye kamba ya kukazia, la sivyo kamba haitavutika. Ncha za riboni tunazichoma kidogo kwa kiberiti zisifumuke. Kisha wakaenda kwenye ngazi za nje kuvigonga viatu vipya, ta, ta, ta, ili vipunguze kelele. Jirani akafungua dirisha, akatazama, akafunga.

Viatu vilikuja vya rangi ya waridi iliyopauka. Riboni na soksi hali kadhalika. Hakuna hata mmoja kati yetu mwenye miguu ya rangi hiyo. Dance Theatre of Harlem, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1969, ililimaliza suala hili miaka ya 1970: soksi na viatu vya kila mchezaji vifuate ngozi yake, ili mstari wa mguu usikatike kwenye nyonga. Tumechukua sponji na poda ya uso, tukavipaka, kila mtu rangi yake. Mstari umerudi. Hata mimi nisiyejua kitu niliuona.

Wiki ya 7

Kikao. Daftari: 24, 22, 25. Wanaume wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 52 sasa. Waanzaji kumi. Hawa tuwafanyie nini?

Coppélia, akasema Mwalimu, kitendo cha pili, pamoja na kipande cha kwanza cha kutambulisha watu. Kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyoona kama dansi hii ilitungwa kwa kusoma daftari langu.

Mzee Coppélius anatengeneza wanasesere, na mmoja kati yao, Coppélia, hukaa ghorofani akisoma kitabu. Kijana Franz anampenda akidhani ni mtu. Mchumba wake, Swanhilda, anaingia kwa siri karakanani, anavaa nguo za mwanasesere na kumzuga mzee. Mzee hachezi hatua ngumu, kazi yake ni kuigiza, basi tuna wetu wa miaka 52. Franz hatuna. Lakini ilipooneshwa mara ya kwanza Paris, tarehe 25 Mei 1870, Franz alichezwa na mwanamke, Eugénie Fiocre, na huko desturi hiyo ilidumu miaka mingi. Hoja imekwisha.

Kisha wanasesere. Karakana imejaa wanasesere wa mashine: askari, mpiga matoazi, mnajimu. Wanatakiwa waende kwa kukakamaa, wasimame ghafla, wakosee. Waanzaji wetu kumi wanaweza hayo tangu wiki ya kwanza.

Swanhilda wa kwanza, Giuseppina Bozzacchi, alikuwa na miaka 16. Vita vikafunga jumba la opera, Paris ikazingirwa, naye akafariki Novemba mwaka huo huo, siku aliyotimiza miaka 17. Mabinti walinyamaza waliposikia. Sikutegemea wangeguswa kiasi kile na mtu wa mwaka 1870.

Wiki ya 12

Mavazi. Tuna fundi mmoja mwenye cherehani yake na wasaidizi wanne wasiojua kupiga pindo. Tutu fupi, sketi ya baleti ile ya kusimama kama sahani, tumeikataa: ni matabaka ya neti kumi na zaidi, kila moja limekatwa, likakunjwa, likashonwa kwenye chupi, kisha mengine yanashikizwa kwa mkono yasilale. Fundi alisema, "Mwanangu, nipe miezi sita na macho mapya." Tumekwenda na sketi ndefu za neti zinazofika chini ya goti. Zinasamehe. Wanasesere tumewavalisha mapazia ya zamani ya ukumbi.

Taa. Tumesimamisha nguzo mbili kila upande, taa ya chini kabisa ikiwa usawa wa muundi. Mwanga wa pembeni unachonga mwili. Mkono una unene, mgongo una kivuli. Ubaya wake ni kwamba anayetoka jukwaani anakimbilia moja kwa moja kwenye jua. Tumebandika utepe mweupe sakafuni kuonesha njia, na bado nguzo ya kushoto imeangushwa mara mbili, mara zote na askari yule yule.

Mzazi mmoja alipendekeza mishumaa halisi karakanani. Nikamsimulia habari za mchezaji baleti Emma Livry, ambaye sketi yake ilishika moto wa taa ya gesi mazoezini Paris mwaka 1862, akafa mwaka uliofuata. Mishumaa ni ya betri.

Mazoezi ya mwisho ya mavazi

Binti anayekaa ghorofani kama Coppélia anatakiwa asitikisike muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote jukwaani. Ana miaka 10. Tumempa kitabu cha kweli ili asilale. Leo amefungua ukurasa kabla ya wakati wake. Nilipomwuliza, akasema alikuwa amemaliza ule wa kwanza.

Onyesho la pili, usiku wa kwanza

Mwanasesere alipiga chafya.

Ilikuwa katikati ya kimya, mzee Coppélius akiwa anapita chini yake kwa kunyata. Chafya ya mtoto ni ndogo, lakini ukumbi uliisikia mpaka safu ya mwisho. Nikafumba macho. Nilipofumbua, mzee wetu alikuwa amesimama, ametazama juu, kisha akachomoa leso mfukoni polepole, akapanda ngazi, akampangusa mwanasesere pua kwa upole, akaikunja leso na kuirudisha mfukoni. Mpiga piano alikuwa amekwisha kuona. Alirudia mizani nne za muziki zilizotangulia, akamsubiri ashuke.

Watu walicheka mpaka Franz alipoingia akashindwa kusikia muziki.

Mwalimu alikuja nyuma ya jukwaa baada ya pazia. Binti wa ghorofani alikuwa kajikunyata kwenye mapazia ya pembeni, macho mekundu. "Shikamoo Mwalimu. Nisamehe."

"Marahaba. Kesho unaweza kupiga tena, pale pale?"

Kesho yake alipiga tena. Na Mwalimu, ambaye hapendi piano imsubiri mtu, alimwambia mpiga piano aziandike zile mizani nne kwenye nota.

Msimu wa 3, wiki ya 1

Majina 47, na wengine wanasubiri nafasi. Sakafu ya theluthi mbili haitoshi darasa la wakubwa. Wakijipanga safu tatu, wa mwisho anasimama kwenye saruji. Mwalimu amesema atakayekuwa kwenye saruji haruki. Ikawa watu wanawahi kufika. Mahudhurio yangu hayajawahi kuwa mazuri hivi.

Wiki ya 5

Orodha ya nani anacheza nini ilibandikwa mlangoni saa kumi. Saa kumi na robo nilikuwa na ujumbe sita wa wazazi. Mmoja una kurasa mbili na jedwali.

Sitaandika yaliyosemwa. Uamuzi: nafasi kubwa zitakuwa na watu wawili wawili, kila mmoja usiku wake. Hiyo ina maana mazoezi mara mbili na mavazi yenye kulabu safu mbili ili mkanda mmoja ukae kwenye viuno viwili. Fundi amenitazama, hajasema kitu, akaomba kulabu zaidi.

Ukumbi tuliokuwa tumewekewa kwa ajili ya onyesho nao umepewa kundi jingine tarehe ile ile. Tumeoneshwa kitabu cha nafasi, na jina letu limefutwa kwa wino mweupe. Tunacheza hapa hapa kwetu, usiku tatu badala ya mmoja.

Wiki ya 6

Limekuja tena suala la kuchagua dansi, na wengi wanataka The Nutcracker, nayo ya Tchaikovsky. Hoja yao safari hii ina uzito. Ilipozaliwa St Petersburg mwaka 1892 haikusifiwa sana, lakini baada ya kampuni ya San Francisco Ballet kuicheza nzima huko Marekani mwaka 1944, na Balanchine kuiweka New York mwaka 1954, imekuwa ndiyo dansi inayolisha kampuni nyingi huko. Sababu si siri: ina nafasi za watoto kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kila mtoto ana watu wa kumtazama.

Nikasoma daftari: 41, 43, 41. Safari hii watu wapo. Ambacho hatuna ni nafasi ya kuwaficha: wanaocheza panya, askari na theluji hawawezi kusubiri zamu zao kwenye chumba kimoja chenye mlango mmoja. Tumekubaliana kucheza kitendo cha kwanza tu, mpaka theluji, na panya watasubiri kwenye ngazi za nje. Jirani wa dirishani ameshaarifiwa.

Wiki ya 8

Tumeanza kuongeza ile theluthi ya sakafu iliyobaki. Ili kuunganisha ilibidi tufunue lino upande wa mlangoni, na tulipoinua ubao wa sita tukakuta kipande cha sponji kimebanduka, kimelala ubavu, kinasuguana na kibao kila mtu anapokanyaga. Misimu miwili na nusu. Tumekigandisha, tukafunika, tukaruka juu yake watu watatu kwa pamoja. Kimya.

Jioni wachezaji wamelalamika. Kumbe wakubwa wote walikuwa wanautegemea ule mlio kujua wamefika pale wanapogeukia, maana wakiwa wametazama taa hawaoni chini. Leo wanne wamegongana.

Nimebandika utepe mweupe pale pale. Wanasema hausikiki.